Muulize Fundi: Feni inavuma hadi kwenye rekodi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasimulia hadithi za watoto na kuzirekodi chumbani kwangu. Kompyuta yangu ya mezani, mtumba wa ofisini, inavuma kama mashine ya kusaga, na mvumo huo unasikika chini ya sauti yangu. Kijana wa dukani anasema ninunue feni tatu zenye taa, eti boksi limeandikwa "kimya kabisa". Chumba hakina kiyoyozi. Nichukue hizo?
Msimulizi, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hela iache mkobani kwanza. Feni za taa niliwahi kuzinunua mwenyewe, tatu kwa mpigo. Zilichomekwa moja kwa moja kwenye ile plagi kubwa ya waya nne inayotoka pawa saplai (lile sanduku la ndani linalogawa umeme), kwa hiyo zilikula volti 12 mchana kutwa na hakuna wa kuziambia zipunguze mwendo. Mke wangu akauliza kama nimeingiza jenereta sebuleni. Hadi leo zimelala kwenye droo.

Feni hupiga kelele kadiri inavyokimbia. Itazame panga boi: mapanga marefu, mwendo wa taratibu, upepo unakufikia kitandani na mtoto halali macho. Ndani ya kompyuta ni vivyo hivyo. Feni ya milimita 120 husukuma hewa zaidi ya mara tatu ya ile ya milimita 80 zikienda mwendo mmoja, basi kubwa unaweza kuiacha ijikokote. Ukipunguza mizunguko kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na hilo halihitaji kipimo, sikio lenyewe litakwambia.

Sasa tafuta inayolia. Fungua ubavu wa kasha, washa, kisha kwa ncha ya kidole bonyeza taratibu kitovu cha feni moja, pale penye stika, kwa sekunde mbili. Usiguse mapanga. Kelele ikikatika, umemshika mwizi. Ya ndani ya pawa saplai usiiguse kabisa, wala usilifungue lile sanduku. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Mara nyingi mwizi ni vumbi. Kwenu pwani vumbi hushikana na chumvi na unyevu, likawa kama blanketi juu ya kipoza-joto, kile chuma cha mapezi kinachopoza prosesa, ubongo wa kompyuta. Joto likipanda, feni hukimbia. Zima, chomoa, safisha kwa brashi laini ya rangi au blowa, huku umeyashika mapanga yasizunguke. Kama mashine ina miaka mingi, paka pesti mpya ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoza-joto. Nimeshuhudia kompyuta zikinyamaza kwa kazi hiyo tu.

Ikiwa feni inakwaruza au inagugumia, hapo imekwisha. Za bei ya chini mara nyingi huwa za bushi, yaani mhimili unazunguka ndani ya kibomba chenye mafuta, na bushi ikikauka mafuta, tone la mafuta ya cherehani linakununulia wiki chache. Nunua ya milimita 120 kama kasha lina nafasi (pima kati ya tundu na tundu la skrubu: milimita 105), yenye beringi ya majimaji na pini nne. Pini ya nne ndiyo inayobeba amri ya mwendo kutoka ubao mama, ule ubao mkuu wa kompyuta. Noctua ya Austria ni nzuri sana, japo rangi yake ya chai ya maziwa wengi hawaipendi. Arctic P12 ni nafuu zaidi na inatosha. Ila mitumba ya ofisini mingine ina plagi yake ya pekee, ya pini tano. Piga picha plagi yako kabla ya kwenda dukani.

Mbili zinatosha: moja mbele ikivuta hewa ndani, moja nyuma ikiitoa. Kisha ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, na kama inakuruhusu, uziweke zitulie mpaka prosesa ifike nyuzi 60. Usitake iwe baridi. Chumba chenye nyuzi 32 hakiwezi kutoa kompyuta ya nyuzi 30, hata ufunge feni kumi. Kusimulia si kazi nzito kwa prosesa, kwa hiyo wakati wa kurekodi hazitakuwa na sababu ya kukimbia.

Tena kasha lisikae mezani pamoja na maikrofoni. Lishushe sakafuni, juu ya kipande cha zulia, upande ule ambao maikrofoni imeupa mgongo. Usilifungie kabatini, litachemka. Hilo la zulia lifanye leo usiku, maana ni bure, halafu rekodi dakika moja ya ukimya uisikilize kwa hedifoni.