Vimulimuli kwenye pikipiki: wapi vinasaidia, wapi vinaponza

Naendesha bodaboda hapa Kahama. Magari yanayokata kulia mbele yangu yananisumbua sana, na dereva akisimama neno ni lilelile: "Sikukuona." Duka la spea wananiuzia kidude cha kufanya taa kubwa iwakewake. Kinasaidia kweli au ni pambo?

Kinasaidia, ndugu, kikiwa cha aina inayofaa na ukikitumia mchana tu. Huyo dereva mara nyingi hadanganyi. Pikipiki inayomjia mtu moja kwa moja haionekani kusogea. Ni doa dogo linalokaa palepale machoni mpaka limfikie karibu, ndipo linapokua ghafla. Uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, uliochapishwa mwaka 1981 chini ya mtafiti Harry Hurt, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya hatari zilitokea mbele ya mwendeshaji, ndani ya nyuzi 45 za kila upande. Kule wanapita kulia, kwa hiyo gari baya ni linalokata kushoto. Kwetu ni hilo unalolisema. Ndiyo maana tunashauri nguvu yako yote ya mwanga uiweke mbele kwanza.

Sasa angalia mapigo. Kanuni ya Marekani, ambako vifaa hivi vinaruhusiwa kwa pikipiki, inataka taa ipige mara 240 kwa dakika, ikizidi au kupungua 40. Hiyo ni kama mara nne kwa sekunde. Taa haitakiwi kuzima kabisa: inapofifia, mwanga usishuke chini ya asilimia 17 ya nguvu yake. Tena lazima kiwepo kijicho kinachopima mwanga wa nje, giza likiingia taa itulie yenyewe.

Kila sharti hapo lina sababu. Kuwakawaka kunamfanya mtu ageuze jicho, lakini hakumwambii uko umbali gani wala unakuja kasi gani. Hilo analisoma kwenye taa iliyotulia. Ukiwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Taa inayopiga mara moja kwa sekunde na kuzima kabisa inamwacha dereva akikisia sehemu ya mita hizo. Inayopiga mara nne bila kuzima haimpotezi. Usinunue kile kinachotetema kwa kasi kama taa za disko. Mapigo ya mara 15 hadi 25 kwa sekunde ndiyo hatari zaidi kwa wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na isitoshe dereva anaona vurugu tu, haoni pikipiki.

Vidude vingi vya bei ya chini havina kijicho cha mwanga. Ukipata hicho, funga swichi kwenye usukani na uzime kuwakawaka jua linapozama, au ukikutana na vumbi zito au ukungu.

Niko Mombasa. Fundi alinifungia kifaa hicho kwenye taa kubwa, ikawa inacheza ovyo: nikiongeza mafuta inang'aa, nikipunguza inafifia, na baada ya siku chache kifaa kikaungua. Tatizo ni nini?

Inaelekea taa yako kubwa hailishwi na betri. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinapeleka umeme wa taa kubwa moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti, yaani mtambo unaozalisha umeme injini ikizunguka, na umeme huo unabadilisha mwelekeo muda wote. Kifaa kilichotengenezwa kwa umeme wa betri hakiuwezi. Hakikisha hivi: fungua funguo bila kuwasha injini, kisha washa taa kubwa. Isipowaka mpaka injini iungurume, na globu ni nzima, ndiyo hiyo.

Iache taa kubwa kama ilivyo, iwake dimu muda wote. Ongeza taa mbili ndogo za LED za volti 12, wati 10 kila moja, na hizo ndizo ziwakewake. Huu ndio mpangilio tunaoupenda kuliko wote hata kwa pikipiki ambayo taa yake inatumia betri, kwa sababu ya katikati inabaki imetulia kwa kupimia umbali na za pembeni zinaita jicho. Zifunge chini kidogo ya taa kubwa, zimeachana kadiri fremu inavyoruhusu, zote tatu zifanye pembetatu. Pikipiki ikikaribia, pembetatu inapanuka, na dereva anaona kwamba kuna kitu kinamjia.

Wati 20 ni kama ampea 1.7. Chukua chanya kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 5 ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri, peleka namba 30 ya rilei, ile swichi inayofungwa na umeme, yenye miguu iliyoandikwa namba. Namba 87 iende kwenye kifaa cha kuwakawaka, kisha kwenye taa. Namba 86 ipate waya unaokuwa na umeme funguo ikifunguliwa tu. Tafuta kwa testa, usiamini rangi, maana pikipiki iliyopita mikono mingi ina waya wa kila rangi mahali popote. Namba 85 iende hasi. Waya wa milimita moja ya mraba unatosha. Hasi irudishe mpaka kwenye betri. Ukiifunga kwenye fremu, kwangua rangi hadi chuma kionekane.

Maungio yachomwe kwa risasi na kuvikwa mpira wa kunywea, ule unaobana ukipashwa moto. Kusokota na kufunga tepu hakudumu mvua na mtikisiko. Pahali panapokatika zaidi ni shingoni mwa usukani: kabla ya kubana waya, zungusha usukani wote kushoto, kisha kulia, uone kama unavutika. Mwisho pima betri injini ikiwa mwendo wa kati na taa zote zinawaka. Inatakiwa volti 13.5 hadi 14.5. Ukiona chini ya 13, magneti imelemewa na betri itakufa, punguza wati.

Morogoro: mimi nawasha hazadi mchana kutwa, nionekane mbele na nyuma bila kununua kitu. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Ukiwasha indiketa zote nne umeondoa uwezo wa kusema unakata wapi. Aliye nyuma anakuona umeharibikiwa au umesimama, anakuovateki upande uleule unaotaka kuingia. Hazadi ni ya chombo kilichosimama mahali pa hatari.

Nimebadilisha globu za indiketa nikaweka za LED. Sasa zinawaka haraka kupita kiasi, na nikiwasha kushoto na za kulia zinawaka. (Mwanza)

Hayo ni matatizo mawili. Globu mbili za wati 10 zinavuta ampea 1.7 hivi, za LED za wati moja moja hazifiki 0.2. Flasha ya zamani, kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa, inadhani globu imeungua, inaharakisha. Nunua flasha ya LED; ikiwa na miguu mitatu, wa tatu ni wa hasi. Mapigo yawe kati ya 60 na 120 kwa dakika.

La pili linatoka kwenye taa ya indiketa iliyo kwenye dashibodi, kama ni moja kwa pande zote mbili. Imeungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, na ule umeme kidogo unaopenya humo, ambao globu za zamani hazikuuhisi, unatosha kuwasha LED za upande wa pili. Tenganisha hiyo taa. Kila waya wa upande upitishe kwenye dayodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mstari mweupe wa dayodi uelekee kwenye taa. Ncha mbili ziungane mguu mmoja wa taa, mguu wa pili uende hasi.

Taa ya breki je? Naweza kuifanya iwakewake?

Ndiyo, kwa muda mfupi: ipige mara nne kwa sekunde kwa sekunde mbili au tatu, kisha itulie ikiwaka mpaka uachie breki. Inayopiga bila kutulia inamchanganya aliye nyuma. Kifaa kinaingia kwenye waya wa breki peke yake. Globu ya nyuma ya wati 21/5 ina nyuzi mbili: ya wati 21 ni ya breki, ya wati 5 ni taa ya usiku. Fundi akikosea waya, taa yako ya nyuma itazimazima usiku kucha.

Kabla ya kununua chochote, tazama swichi ya breki ya mguu. Springi yake ikiwa imekazwa mno, taa ya breki inawaka saa zote, na hakuna kifaa kitakachokusaidia. Legeza nati yake mpaka taa iwake pedali inapoanza tu kushika.

Mimi ni dereva wa lori, natokea Nakuru. Usiku bodaboda wanatupofusha na taa za kuwakawaka, nyingine buluu na nyekundu. Waambieni.

Tunawaambia. Usiku taa ya mbele itulie, iwe dimu, na taa za nyongeza zielekezwe chini au zizimwe. Buluu, na nyekundu inayotazama mbele, waachiwe polisi, magari ya wagonjwa na zimamoto. Mbele weka nyeupe au ya manjano, basi.

Mwanangu ni bodaboda na hana fedha ya vifaa hivi. Nimnunulie nini mimi mama yake?

Mama, kwanza mwambie awashe dimu mchana, haina gharama. Malaysia walilifanya hilo kuwa sheria mwaka 1992, na ajali za mchana zilizotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. India, zinakotengenezwa Bajaj na TVS, pikipiki mpya zinazouzwa humo tangu Aprili 2017 zinawaka taa zenyewe injini ikiwaka. Kioo cha taa akifute kila asubuhi, na kikiwa kimefifia kuwa cha njano, abadilishe.

Fedha uliyo nayo nunua jaketi lenye mistari ya kuakisi, helmeti ya rangi nyeupe au ya kung'aa, na mita moja ya utepe wa kuakisi abandike ubavuni mwa tangi na kwenye bomba za mshtuko wa mbele, kwa sababu njia panda gari linamwona kwa ubavu. Majaketi mengine yana mistari ya kijivu isiyoakisi chochote. Lipime dukani au nyumbani penye giza: litundike, rudi hatua 20, washa tochi ya simu ukiishika kando ya jicho lako. Mistari ikiwaka nyeupe, lichukue. Rudia kipimo hicho kila baada ya miezi michache, maana jua na kufua huimaliza mistari.