Protini iliyo kwenye majani na protini inayomfikia mnyama: majibu kwa wafugaji wa Kivu

Nimesoma kwamba kaliandra (mti mdogo wa malisho wa jamii ya mikunde) ina protini sawa na luseni (alfalfa, nayo mikunde ya malisho), hata kuizidi. Kwa nini basi luseni ndiyo husifiwa? (Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Kabare)

Namba uliyoisoma ni ya kweli, ila haisemi yote. Maabara hupima naitrojeni iliyomo katika majani yaliyokaushwa kabisa, huizidisha kwa 6.25, na jibu huitwa protini ghafi. Kwa kipimo hicho luseni iliyokatwa inapoanza kuchanua huwa na asilimia 18 hadi 20, na majani ya kaliandra asilimia 20 hadi 25. Lakini kaliandra ina tanini nyingi, zile zinazokausha ulimi ukitafuna jani lake, nazo hushikamana na protini hata sehemu yake ikatoka na mavi bila kumfaa mnyama. Luseni haina kizuizi hicho, tena humpa ng'ombe anayekamuliwa kalisiamu kwa wingi.

Hata hivyo, baba, usiing'oe kaliandra yako. Luseni haivumilii udongo wenye asidi, na udongo wa vilima vyetu mara nyingi uko hivyo, kwa hiyo bila chokaa ya kilimo itadhoofika, ilhali kaliandra hustahimili, hushikilia udongo wa mteremko na huchipua kila inapokatwa. Majaribio ya Embu, nchini Kenya, yalionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mpe mabichi, siku ileile unapoyakata, pamoja na matete. Matete yaliyozeeka hushuka chini ya asilimia 7 ya protini, na hapo vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe hukosa cha kuwakuza, naye hupunguza kula ijapokuwa hori limejaa. Pengo hilo ndilo kaliandra inaloliziba, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuipanda kwenye kila mpaka wa shamba.

Mbuzi wa familia yetu huko uwanda wa Ruzizi wanalishwa lusina (mti wa malisho wa jamii ya mikunde, si luseni) karibu peke yake, na sasa manyoya yanawatoka. (Msomaji wa Bukavu)

Sababu inayoelekea zaidi ni mimosini, sumu iliyomo ndani ya lusina yenyewe. Kwa chakula, lusina ni bora: protini yake hufika asilimia 25, humeng'enywa vizuri kuliko kaliandra, na joto la uwandani linaifaa kuliko baridi ya milimani. Ila isizidi theluthi moja ya chakula cha siku. Sehemu iliyobaki iwe nyasi. Kuna mbuzi wasiodhurika hata wakila nyingi, kwa kuwa matumboni mwao mna bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Mtafiti Raymond Jones wa Australia aliligundua jambo hilo kwa mbuzi wa Hawaii. Msitegemee kwamba wenu wanao, maana manyoya yanayoanguka yanaonyesha kinyume.

Ninafuga simbiliki (wanyama wadogo wa jamii ya panya) nyumbani, hapa Goma. Je, desmodiamu (mikunde ya malisho itambaayo) inawatosha? (Mama mfugaji)

Inawafaa sana, mama, lakini isiwe peke yake. Protini yake huwa kati ya asilimia 15 na 20 ikikatwa changa, na mmea huo huvumilia kivuli, jambo la faraja kwa mwenye kiwanja kidogo. Ichanganye na nyasi. Zaidi ya protini, simbiliki hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, kwa hiyo kila siku apate majani mabichi, si makavu tu. Lusina usiwape ila kidogo kabisa, kwa sababu hawana tumbo la kucheua ambamo sumu yake ingevunjwa.

Ni kweli kwamba mikunde huvimbisha tumbo la ng'ombe? (Msomaji wa Masisi)

Luseni na klova (mikunde mingine ya malisho) zikiliwa mbichi, zenye umande, na ng'ombe mwenye njaa, ndiyo, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mtangulizieni nyasi, na luseni iacheni inyauke kwanza. Desmodiamu na kaliandra hazina hatari hiyo, kwa sababu tanini zake, zilezile zinazopunguza faida ya protini, huzuia povu linalovimbisha tumbo lisijengeke.