Nilitibiwa saratani utotoni. Je, nitapata watoto?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 27. Nilipokuwa na miaka 9 nilitibiwa limfoma kwa dawa za dripu, sikupigwa mionzi. Ninachokumbuka zaidi ni ile dawa nyekundu iliyonifanya nikojoe mkojo mwekundu. Nilipona na ugonjwa haujarudi. Sauti ni nzito, ndevu zimeota na nguvu za kiume ninazo. Sasa nataka kuoa, lakini upande wa mchumba wangu wananong'ona kwamba dawa zile huua uzazi, na kwamba hata nikipata watoto watazaliwa na saratani. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu halina mjadala mrefu. Limfoma yako haiwasubiri wanao. Watoto wa watu waliotibiwa saratani utotoni wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na hawaonekani kuzaliwa na kasoro nyingi kuliko watoto wengine. Saratani zinazopita kwenye ukoo kwa jeni ni chache. Mfano ni retinoblastoma ya macho yote mawili, ambayo mzazi ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha mtoto jeni yake. Yako si ya kundi hilo.

Suala la uzazi ndilo lenye mambo. Ndevu, sauti na nguvu za kiume ni habari njema, ila hazijibu ulichouliza. Korodani ni nyumba yenye wapangaji wawili. Kuna seli zinazotengeneza testosteroni, ambazo ni ngumu na mara nyingi hustahimili dawa. Na kuna seli mama za mbegu, ambazo ni dhaifu mno. Hizi zinaweza kuisha kabisa huku wenzake wakiendelea na kazi, na mwanamume asihisi tofauti yoyote. Wengi pia hudhani mvulana ambaye hajabalehe yuko salama kwa kuwa bado hatengenezi mbegu. Hayuko salama, kwa sababu seli mama tayari zimo na dawa huzifikia.

Ile dawa nyekundu unayoikumbuka huenda ni doksorubisini. Wagonjwa wengi huilaumu hiyo kwa sababu ya rangi yake, lakini kwa korodani si mbaya sana. Wa kuangaliwa ni moyo. Mhusika mkuu ni kundi la siklofosfamaidi, ifosfamaidi, prokarbazini na busalfani. Siklofosfamaidi haina rangi, hushuka kwenye dripu kama maji, na hutumika sana kutibu limfoma. Kwa hiyo tafuta faili lako la zamani, au muhtasari wa matibabu, kabla ya kitu kingine chochote. Angalia jina la kila dawa na jumla ya dozi ya mizunguko yote, kwa kuwa madhara hujengeka kwa jumla. Kwa mfano, aliyepewa siklofosfamaidi miligramu 500 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara 6, jumla yake ni 3,000. Chini ya 4,000 wanaume wengi hubaki na mbegu. Juu ya hapo hatari hupanda kadiri dozi inavyopanda. Hizo dawa nyingine zikiwemo, daktari atazibadilisha kuwa kipimo kimoja na kujumlisha.

Hata hivyo faili linakisia tu. Kinachojibu ni kipimo cha manii. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya, rudia baada ya miezi mitatu hivi, maana mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na homa kali tu inaweza kuharibu matokeo. Kipimo cha damu cha homoni ya FSH husaidia, lakini hakichukui nafasi ya manii.

Ikitoka sifuri mara mbili, usikubali kuambiwa ndiyo basi. Wapo ambao mbegu zilirudi baada ya miaka mingi (na wapo waliotegemea hiyo sifuri kama uzazi wa mpango, wakashtukia mimba). Wengine, daktari wa upasuaji huzipata chache ndani ya korodani kwa kutumia darubini, zikadungwa kwenye yai maabara. Ushauri wangu ni upime sasa, kabla ya harusi, na mchumba asikie majibu kutoka kwako.

Akina dada waliotibiwa utotoni, kwenu saa ndiyo tatizo. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2, na dawa hizi hupunguza akiba hiyo. Hedhi inaweza kurudi vizuri kabisa, kisha ikakoma kabla ya miaka 40. Kama mpango wa watoto upo, usisogezwe mbele bila kupima akiba ya mayai. Aliyepigwa mionzi ya nyonga au tumbo, mji wa mimba unaweza kuwa mdogo, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati, hivyo afuatiliwe kliniki kwa karibu zaidi. Na aliyepewa ile dawa nyekundu apige picha ya moyo kabla ya kushika mimba, hata kama anapanda ngazi bila kuhema.