Kabla ya Kuuliza Mmea Wako Unaumwa Nini

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa hapa Nairobi aliniandikia ujumbe ulioambatana na picha ya jani moja lililokauka ncha. Maneno yenyewe yalikuwa machache: “Dada, mmea wangu unakufa, nifanye nini?” Nililitazama jani lile kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu mwaka 2024 mimi mwenyewe nilituma picha za namna hiyo kwa kila mtu niliyedhani anajua maua, nikapata majibu mengi, na karibu yote yakanitia hasara.

Tulikuwa tumehamia mtaa wa Embakasi, hapahapa Nairobi, mwaka mmoja kabla ya hapo, katika nyumba yenye uwanja mdogo mbele ambao, kwa macho ya mtu aliyelelewa katika vyumba vya kupanga, ulikuwa sawa na shamba. Najua kwamba wengi wenu mnayo ndoto hiyohiyo: ukoka wa kijani usio na kipara, maua kandokando ya ukuta, kiti na meza ndogo ya chai ya saa kumi, na mgeni anayesimama langoni akishangaa kabla hajabisha hodi. Mimi nilikuwa na sababu ya ziada, kwani mama mkwe alikuwa aje Pasaka, na mwanamke aliyeolewa hahitaji kuelezwa maana yake.

Nikamwita mpambaji wa bustani, ambaye sitamtaja jina, tukakubaliana shilingi 85,000. Alileta lori la udongo mwekundu kutoka upande wa Kiambu, akachimba mashimo katika udongo wetu mweusi, akayajaza ule mwekundu, akapanda maua ya lavenda na haidranjea, kisha akazungushia mawe meupe yaliyogharimu kuliko mimea yenyewe. Kazi ilikwisha kwa siku tatu, na katika siku hizo zote hakuniuliza swali hata moja. Wakati ule niliona huo ndio ujuzi.

Mama mkwe alifika Pasaka, mwisho wa Machi, akasifu, akapigwa picha. Mvua za masika za mwaka ule, zile zilizoleta mafuriko jijini, zilikuwa zimekwisha kuanza, nazo ziliendelea hadi Mei. Kuna watu wa mitaa ya jirani waliopoteza nyumba zao, kwa hiyo naona haya kulalamikia lavenda, lakini nalalamika. Mvua ilipopungua, udongo wa juu ulianza kukauka na kupasuka nyufa, na mimea ikainamisha vichwa. Mpambaji aliniambia kwa simu niongeze maji na mbolea. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Kadiri nilivyomwagilia ndivyo mimea ilivyozidi kulegea, na kadiri ilivyolegea ndivyo nilivyozidi kumwagilia, hadi mwezi Julai nilipobaki na vijiti vilivyopangwa kwa ustadi kati ya mawe meupe. Shemeji yangu alipita akauliza ni nani tuliyemzika pale. Mpambaji alikuwa ameshaacha kupokea simu.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja anayeuza miche kando ya Barabara ya Ngong, ambaye nilimwendea nikitaka kununua lavenda nyingine. Badala ya kunitajia bei aliniuliza, “Mama, unakaa wapi? Ukichimba, udongo unanata kwenye jembe? Ulipochimba shimo na kumwaga maji, yalikaa muda gani?” Sikuwa na jibu hata moja. Alikataa kuniuzia. Aliniambia nirudi nyumbani, ning’oe mche mmoja uliokufa na ninuse mizizi yake, halafu nichimbe shimo la futi moja, nilijaze maji jioni na kulitazama asubuhi.

Mizizi ilikuwa myeusi na ilinuka kama maji ya mtaro. Maji niliyomwaga saa kumi na mbili jioni niliyakuta palepale nilipokwenda kuyatazama asubuhi, nikajiona humo kama kwenye kioo. Udongo mweusi wa Embakasi huvimba unaponyonya maji na kupasuka unapokauka, na ukishavimba hauruhusu maji kupita. Mashimo aliyoyachimba mpambaji yalikuwa mabeseni: maji yaliingia kwa urahisi kupitia udongo mwekundu uliolegea, yakafika kwenye kuta za udongo mweusi, yakakwama. Juu palikuwa pakavu na penye nyufa, chini lavenda ilikuwa imesimama majini, na lavenda ni mmea unaopenda mizizi yake ikauke upesi. Mmea uliooza mizizi hulegea sawasawa na ule wenye kiu, kwa sababu yote miwili haipati maji ya kupandisha kwenye majani. Hilo ndilo lililonidanganya, na huwadanganya wengi.

Nililia kidogo, nakiri. Fedha ziliniuma, lakini lililoniuma zaidi ni kwamba swali la mzee lilikuwa la bure na mpambaji wangu hakuwahi kuliuliza.

Tulianza upya kwa kwenda juu badala ya kwenda chini. Mawe ya Ndarugo yaliyobaki baada ya kujenga ukuta tuliyapanga yakawa vitalu vilivyoinuka futi moja na nusu, tukavijaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Miezi iliyofuata haikuwa na jambo la kusimulia. Leo bogenvilia yangu imefunika lango lote, wapita njia huipiga picha, na shemeji yuleyule ameniomba vipandikizi mara mbili. Nilimpa mara ya pili.

Ndani ya nyumba makosa yangu yalikuwa ya aina nyingine. Nilijifunza kutoka kwa video za Uingereza, ambako dirisha linalotazama kusini ndilo lenye jua mwaka mzima, nikapanga vyungu vyangu vyote kwenye dirisha la kusini na kushangaa vilipodhoofika mwezi Juni. Nairobi iko kidogo tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua letu la mchana hupita upande wa kaskazini, na mwezi Desemba hupita kusini, kwa hiyo dirisha lilelile huwa na jua msimu mmoja na kivuli msimu mwingine. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, na hilo ndilo ninalolipendekeza kwa anayeanza. Halafu katika ile baridi na mawingu ya Julai udongo wa chungu hukauka polepole, na anayemwagilia kwa ratiba ya Februari anaozesha mizizi kwa mikono yake mwenyewe. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili, na kikitoka na udongo mbichi, weka chini kopo la kumwagilia. Nimelisema hili katika kila makala na nitaendelea kulisema.

Lipo pia suala la maji yenyewe. Maji ya bomba yanapokuja kwa zamu, wengi wetu hutegemea visima virefu, na maji ya visima hivyo katika sehemu nyingi za Nairobi yana madini mengi ya floridi. Drasena, mmea wa ndani ya nyumba wenye majani marefu, na ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe unaoning’iniza watoto wake, haviivumilii: ncha za majani huwa za kahawia na kukauka. Utaambiwa uyaache maji ndooni usiku kucha. Hilo huondoa klorini, dawa ya kusafishia maji, lakini floridi haitoki hata ukiyaacha wiki nzima, kwa hiyo kinga maji ya mvua uihifadhie mimea hiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnaponiandikia, msinitumie jani. Jani halisemi linakaa wapi. Niambieni mtaa, aina ya udongo, dirisha linatazama upande gani, maji yanatoka bombani au kisimani, mnamwagilia mara ngapi, na kama chungu kina tundu chini. Na mkikutana na fundi wa bustani ambaye yuko tayari kupokea malipo ya kwanza kabla hajashika udongo wenu mkononi, mwacheni aende zake, hata kama picha zake ni nzuri namna gani. Za wangu zilikuwa nzuri sana.

Msomaji wangu amenijibu jana. Anaishi ghorofa ya nne huko mtaa wa Pipeline, maji yao ni ya kisima, mmea ni drasena, dirisha linatazama kusini, anamwagilia kila siku, na chungu ni kile cha kauri kinachong’aa, kisicho na tundu. Nimemwomba autoe mmea chunguni leo, akate mizizi iliyooza, auhamishie kwenye kopo lolote la plastiki lililotobolewa, na asiuguse kwa maji hadi kidole kitoke kikavu. Kile chungu cha kauri anaweza kukitumia kama ganda la nje, mradi amwage maji yanayojikusanya ndani yake.

Mawe meupe bado yapo nyuma ya tangi letu la maji. Anayeyataka aje na gunia lake.