Kabla ya Kumchora Babu, Muulize Babu

Tulipochanga pesa za kumchorea babu picha, sisi wajukuu tulikuwa tumeshaamua kila kitu: sare ya Keya (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, King's African Rifles), medali kifuani, uso mkali. Mchoraji wa Nakuru mjini akataka nusu ya malipo kwanza, tukamtumia. Mwenye sura hakuulizwa.

Mchoro wa kwanza ukaja kwa simu. Babu kavalishwa tarabushi nyekundu! Ni kweli askari wa Keya walivaa tarabushi kwenye gwaride, lakini babu alikuwa Burma mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope hadi kuvuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Huko walivaa kofia pana, ukingo umekunjwa upande mmoja, na nembo yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Mchoraji angejuaje? Hatukumwambia.

Kwa hivyo mpelekee vitu, usimwachie abuni. Medali ipige picha nje, kivulini, kwa karibu, utepe uonekane vizuri. Ule wa medali ya Nyota ya Burma una mstari mpana mwekundu katikati na buluu iliyokolea pande zote mbili, na kila buluu imepitwa katikati na mstari wa rangi ya chungwa. Wetu ulipakwa kama bendera ya nchi isiyojulikana.

Masahihisho tuliyalipia zaidi. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, ni mara ngapi atarekebisha bila kudai.

Baadaye nilimpeleka mchoraji hadi Molo, nyumbani kwa babu, akamwone mwenyewe. Fanya hivi mwanzoni, si mwishoni kama sisi, na usingoje: mzee wa miaka tisini na ushee huchoka haraka. Tulienda asubuhi, alipokuwa ameota jua na kunywa chai. Nikamuuliza anataka aonekane vipi. Akanyamaza kidogo. "Huko Bama nilikaa muda mfupi tu," akasema. "Na hii shamba je?"

Picha ikaanza upya. Babu amesimama na koti lake kuukuu na gamubuti, medali zimebaki kifuani (hapo tulimshinda), nyuma yake pareto imechanua nyeupe mpaka kwenye ua.

Tulichagua rangi za akriliki kwa sababu hukauka upesi. Za mafuta huchukua muda mrefu, na kwa baridi ya Molo ndiyo usiseme. Msiitundike karibu na jiko la kuni. Moshi hauheshimu mtu.

Siku ya kuifunua, shangazi walilia. Babu aliomba miwani, akasogea karibu kabisa, akapita uso wake mwenyewe na medali zote, akaweka kidole kwenye mistari ya pareto.

"Hapa," akamwambia mchoraji, "hujapalilia."