Jibu kwa mkuu wa Nachingwea: usiguse hiyo seva

Mkuu, acha kwanza. Umeuliza kama uhamishie mfumo wa AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwenye seva ya Windows, na kama leo usiku unaweza kuingia moja kwa moja kwenye hii inayoendeshwa na Linux urekebishe "mstari mmoja tu" wa makato ya malipo ya wakulima kabla ya mnada wa kesho.

Mstari mmoja ndio ulioniumbua mimi huku Mtwara, msimu wa korosho umepamba moto. Mwandishi mimi, mjaribu mimi, mpandishaji wa programu kwenye seva mimi. Faili nililipa jina Makato.php, ndani ya programu nikaliita makato.php. Kwenye kompyuta yangu ya Windows likafunguka bila neno, maana Windows haijali herufi kubwa wala ndogo kwenye majina ya faili. Kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti. Mfumo ungelalamika palepale ningeshukuru, lakini nilishaweka ile alama ya @ mbele ya include, amri ya kuita faili, ili karani asisumbuliwe na maandishi ya hitilafu. Basi PHP, lugha niliyoandikia mfumo, ikanyamaza, makato ikayahesabu sifuri, ikachapa hati za malipo zimenona!

Kilo zilikuwa sahihi, kwa hiyo karani hakushtuka. Mzee mmoja wa Newala akaniuliza, "Mwanangu, mwaka huu mmetuhurumia?" Mwambie sasa arudishe hiyo karatasi. Nakimbilia toleo la jana, halipo, nilishapandisha jipya juu yake. Tukakaa na kikokotoo, hati moja baada ya nyingine, na chama kikafidia kwenye ujira wangu. Makato yalipatikana, ila yalikatwa kwangu.

Na yule mtaalamu wa semina kutoka Dar! Alituambia taratibu za mabadiliko ni za mabenki na meinifremu zao, zile kompyuta kubwa, sisi watu wa wavuti twende na kasi. Posho kala, simu hapokei. Kumbe kwa wale wazee wa COBOL, lugha ya zamani ya programu za mabenki, tuliokuwa tukiwacheka, mwandishi wa programu haruhusiwi kuipandisha mwenyewe. Nikadhani urasimu.

Kasome habari ya Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Programu mpya iliwekwa kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na utaratibu wa mtu wa pili kuhakiki. Ndani ya dakika 45 ziliteketea zaidi ya dola milioni 400. Sisi tuna korosho tu, lakini ugonjwa ni uleule.

Aliyeandika asipandishe. Basi. Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, ipo bure tangu 2005, weka badiliko humo, mwenzako alisome, alijaribu kwenye Linux, abonyeze yeye. Huna mwenzako? Mtafute kijana yeyote anayejua kusoma PHP, mnunulie chai.

Mnada wa kesho karani akokotoe makato kwa mkono. Na kama una hiyo @ mbele ya include, nenda kaitoe sasa hi... hapana! Iandike, mpe mwenzako aipandishe.