Kupanga vikosi kabla ya pambano: ni kazi gani hutaki kuifanya saa ikishaanza kwenda?

Umeuliza kama katika gemu za vita za kompyuta kuna faida ya kupanga upya vikosi kabla ya pambano, au inatosha kuukubali mpangilio unaoletwa na kompyuta na kubonyeza kitufe cha kuanza. Kwa uzoefu wangu, ambao kwa sehemu kubwa umetokana na mfululizo wa gemu za vita uitwao Total War, faida ipo, ila haiko pale ambapo wengi huitafuta. Wengi hutafuta umbo la jeshi linalopendeza machoni. Mimi hujiuliza ni kazi gani sitaki kuifanya kwa mkono pambano likishaanza, kwa kuwa katika gemu za muda halisi, ambazo pande zote hutenda kwa wakati mmoja bila kupokezana zamu, umakini wa mchezaji huisha mapema kuliko askari wake.

Katika gemu nyingi za mfululizo huo jeshi moja kamili huwa na vikosi 20, na hakuna awezaye kuvitazama vyote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo huanza na vile vizito: wenye mikuki huwapanga mahali hasa watakapopigania, na kuwaamuru wasiiache nafasi yao hata adui akigeuka kukimbia. Hao sitarajii kuwagusa tena mpaka mistari igongane. Wapanda farasi huwaweka mbali kidogo na ubavu, au msituni kama upo, wakiwa kundi lenye namba yake kwenye kibodi, kwani hao nitawaongoza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Wapigaji wa mbali ndio wanaohitaji fikra zaidi, na ndiko ninakoona mipango mingi ikiharibika. Mishale hupaa na kushuka, hivyo wapiga mishale wanaweza kukaa nyuma ya wenye mikuki. Bunduki, kama zile za Empire, gemu ya 2009 katika mfululizo huo, hupiga moja kwa moja, na ukizipanga nyuma ya wenzao kwenye tambarare, ama zitanyamaza ama zitawapiga mgongoni. Dawa ni kuzipa mstari wa mbele au mwinuko. Kagua pia amri ya kurudi nyuma adui akikaribia, ambayo wapigaji wengi katika Medieval II, ya mfululizo huo huo (2006), huanza nayo ikiwa imewashwa. Inafaa kwa warusha mikuki waliotangulizwa kumchokoza adui, lakini kwa waliopangwa sambamba na askari wa miguu mimi huizima, la sivyo wataondoka na kuacha pengo katika mstari wakati huo huo unaposhughulika na ubavu wa pili. Katika gemu hiyo hiyo kuna wapiga pinde wanaoweza kuchomeka vigingi vya kuzuia farasi, na vigingi hivyo huwekwa katika hatua ya maandalizi tu. Anayebonyeza kuanza kwa pupa amevikosa kwa pambano zima.

Akiba ya kikosi kimoja au viwili nyuma ya katikati hutosha, na jemadari hukaa karibu nayo, pale ambapo uwepo wake unawatia ari askari bila yeye mwenyewe kufikiwa kirahisi.

Gemu nyingine ya vita, Wargame: Red Dragon ya 2014, hudai jambo tofauti kidogo, kwani humo maandalizi ni manunuzi pia: una pointi za kuanzia, na maeneo ya ramani hutekwa kwa magari ya kamanda. Mimi hulipanga gari la kamanda barabarani kabisa, likisindikizwa na askari wa miguu walio ndani ya magari yenye kasi, na amri zao za kwanza huwapa kabla saa haijaanza, ili watembee wenyewe huku nikiangalia skauti wamegundua nini. (Vifaru vizito vitafika tu, havihitaji kutazamwa njiani.)

Ukicheza na watu, muda wa maandalizi huwa na kikomo, kwa hiyo fuata mfuatano uleule kila mara: wazito, wapigaji, akiba, kisha farasi, maana hata muda ukikukatikia hapo, farasi ndio walio rahisi kuhamishwa baadaye.